Maji Yaliyojipandisha Mlimani

Mwanangu, ipo Jumapili moja maishani mwangu ambayo nikikaa kimya kidogo tu naisikia tena ikigonga: tok, tok, tok. Naikumbuka kwa masikio kwanza, macho yanafuata baadaye. Siku ile niliingia kwenye ua wa watu nikiwa kijana wa kuchekwa, nikatoka nikiwa mkwe. Na yaliyonisaidia kuvuka hapo katikati yalikuwa maji, maji ya mto mdogo tu, yaliyopanda kilima yenyewe, bila injini, bila tone la dizeli, bila ndoo kichwani kwa mtu.

Naona umeanza kutabasamu. Hapa Majengo yetu ya Songea kila mtu anajua kwamba mzee wako akikwambia amekutana na nyoka, ukate kichwa na mkia ndipo upate nyoka mwenyewe. Sikatai. Hadithi bila chumvi inanikwama kooni. Lakini hii ya leo nitakueleza kama ilivyokuwa, na pale mkono utakaponiteleza nikaongeza punje, nitakwambia hapo hapo.

Wakati huo nilikuwa natengeneza baiskeli, na jioni nikishanawa grisi nilikwenda shule ya watu wazima. Tulikuwa wanaume wenye ndevu na wanawake wenye watoto, tumebanwa kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yamefika masikioni. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mwembamba aliyeipenda sayansi kuliko wali wa sikukuu. Kila Ijumaa, kabla hatujatawanyika, alimsimamisha mmoja wetu atoe ajabu moja la dunia, na wengine tumshambulie kwa maswali mpaka ajabu lisimame au lianguke.

Nilikuwa na rafiki darasani, Shaibu, mtu wa Tunduru, ambaye wajomba zake walifanya biashara ya vito. Zamu yake ilipofika alitoa mfukoni kijiwe kidogo kama punje ya mbaazi, akakishika dirishani wakati jua halijazama. Kijani, kama kisamvu kibichi. Akakisogeza kwenye taa ya mafuta ya taa iliyokuwa mezani. Kikawa chekundu! Chekundu kama upanga wa jogoo.

"Umebadilisha jiwe," tukampigia kelele.

"Wallahi sijabadilisha kitu! Haya, nikagueni mikono."

Mwalimu akakichukua kijiwe mwenyewe, akakipeleka dirishani, akakirudisha kwenye taa, akakipeleka tena. Kijani, chekundu, kijani. Akatuambia jua na taa havitoi mwanga wa aina moja, na jiwe lile linajua tofauti yake kuliko macho yetu. Mwanangu, usiku ule nililala na tabasamu. Nilikuwa nimejua kwamba kitu kinaweza kuwa hakiaminiki, kikawa kweli, na bado kikaenea kwenye kiganja cha mtu.

Ijumaa nyingine Shaibu huyo huyo akatupigia ule mlio wa wawinda asali wa Kiyao, brrr-hm, akatueleza kwamba kuna ndege mdogo wa porini anayeusikia, akaja, akamwongoza mtu mti kwa mti mpaka kwenye mzinga. Mtu anachukua asali, ndege anakula nta. Ndege wa porini kabisa, hajafugwa na mtu. Tukamwuliza maswali mpaka akakauka mate, ajabu likasimama.

Mimi zamu yangu nilichora ubaoni pampu. Nilikuwa nimeiona kwenye kitabu cha sayansi alichoniazima mwalimu. Nikawaambia wenzangu: maji yanaweza kupanda mlima kwa nguvu zake yenyewe, mchana na usiku, miaka na miaka. Wakacheka mpaka taa ikataka kuzimika. Hapo nimeongeza.

"Yanapandaje?"

"Umewahi kupanda basi la Tunduru?" nikawauliza. "Dereva akikanyaga breki ghafla, ninyi abiria mnakwenda wapi?"

"Mbele!"

"Kwa nguvu?"

"Mpaka kwenye mgongo wa dereva!"

"Basi maji ni abiria. Unayaacha yateremke kwenye bomba la chuma yakimbie. Yakishashika kasi, yanajifungia mlango yenyewe, paa! Yaliyo nyuma bado yanakuja mbio, hayana pa kwenda, yanasukumana, machache yanapenya kilango cha pembeni yanaingia kwenye mtungi wenye hewa. Hewa inabanwa, inayasukuma juu kwenye mpira wa maji. Mlango ule wa kwanza unafunguka tena, maji yanaanza kukimbia upya. Tok. Tok. Tok."

Hata mwalimu alipiga makofi. Lakini Shaibu akainua mkono. "Mimi jiwe langu mmelishika. Hiyo pampu yako iko wapi?"

Nikasema, "Ipo, huko duniani." Kuanzia jioni ile jina langu likawa Bwana Huko-Duniani.

Sasa mwanangu, wakati huo huo moyo wangu ulikuwa umekwama kwa binti mmoja anaitwa Skolastika, sisi tulimwita Skola, aliyeniletea baiskeli ya baba yake yenye rimu iliyopinda. Nilinyoosha rimu ile kwa wiki nzima, na ilikuwa kazi ya dakika chache. Kwao walikaa juu ya kilima, upande wa milima ya Matogoro, na mto uko chini bondeni. Nyumba nzuri, upepo mzuri, lakini maji yote ya kupikia, ya kuoga, ya kunywesha mbuzi, yalipanda pale juu ya vichwa vya Skola na mama yake. Njia yenyewe imesimama kama ngazi, na wakati wa mvua inateleza kama sabuni.

Siku ya kwanza nilipokwenda kujitambulisha kwa nia ya posa, nilimkuta baba yake amekaa barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye yule fundi anayesema kuna jiwe linabadilisha nguo jioni?"

"Jiwe ni la rafiki yangu, baba. Lakini ndiye mimi."

"Na ndege anayeajiri watu?"

"Huyo naye ni wa rafiki yangu."

"Sasa wewe mwenyewe una nini?"

Kijana mwenye akili angejibu kwamba ana salamu tu. Mimi nilimwona Mama Skola akichomoza mlimani na ndoo, anahema, shingo imekakamaa, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Baba, mimi najua namna ya kuyafanya maji haya yapande yenyewe."

Mzee hakucheka. Ningefurahi kama angecheka.

"Unaiona njia ile?" akasema. "Mama Skola ameipanda na ndoo tangu siku niliyomwoa. Kabla yake aliipanda mama yangu mpaka magoti yakamkataa. Ukisema maji yanapanda yenyewe mbele ya wanawake hawa, usiseme kama mtu anayepiga soga kijiweni."

"Ni kweli, baba."

"Yako wapi hayo yanayopanda?"

"Yapo... yapo vitabuni."

"Sisi hapa hatuchoti vitabuni." Akaegemea ukuta. Kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo sababu ya mimi kukusumbua leo. "Kijana, mimi sikatai maajabu. Nimeona mengi, na Mungu hajachoka kuyatengeneza. Ninachokataa ni ajabu lisilo na njia. Mtu akiniletea jambo kubwa, namwuliza: nipite wapi nikalione? Akinionyesha njia, nampa kiti. Asiponionyesha, namwonyesha mimi njia ya kutokea."

Akanyoosha kidole kwenye pipa tupu lililokuwa pembeni mwa jiko. Akasema ukoo wake utakaa kujibu posa yangu mavuno yakishaisha, Jumapili, watu wakitoka misa. Siku hiyo maji yawe yanaingia kwenye pipa lile, nao wayaone yakiingia. Yakiingia, tutazungumza. Yasipoingia, kilima kile nisikipande tena.

Skola alinisindikiza mpaka kwenye mteremko. "Umejiponza," akasema.

"Nimejiponza."

"Yanapanda au hayapandi?"

"Yanapanda."

"Basi funga mdomo uanze kuchimba."

Nikachimba. Kwanza nilirudi kwa mwalimu, naye akanieleza mambo mawili ambayo ubaoni niliyaruka. La kwanza, lazima mto wenyewe uwe na mporomoko, maana nguvu yote inatoka pale maji yanapoanguka. La pili akalirudia kwa kidole: sehemu kubwa ya maji itamwagika pale pale kwenye pampu na kurudi mtoni, na ni kidogo tu kitakachopanda. "Usihuzunikie kinachomwagika," akasema. "Hicho ndicho kinachofanya kazi."

Nilitafuta vyuma chakavu Majengo nzima. Shaibu, aliyekuwa wa kwanza kunicheka, ndiye aliyebeba bomba begani kutoka mjini, akinung'unika njia nzima kwamba wajomba zake wanauza vito yeye anabeba takataka. Tulichomelea mtungi wa hewa kutoka kwenye bomba nene, tukakata vilango kwenye tairi la lori, tukajenga kibwawa kidogo cha mawe kule juu kwenye maporomoko. Jaribio la kwanza kilango kiliruka kikapotelea majanini. La pili mtungi ulipasuka kwenye kiungo ukatuogesha wote. La tatu lilinirusha mpaka kule mbali Lusewa. Hapo nimeongeza, mwanangu, lakini nilianguka vibaya.

Kisha Jumamosi, kesho yake ndiyo Jumapili yenyewe, ikakubali. Tok, tok, tok. Skola akapiga yowe kule juu: mpira umekohoa, umetema hewa, na uzi wa maji, mwembamba kama kidole cha mtoto, umeanza kuingia pipani! Mama Skola alikuja akautazama, akaweka mkono mdomoni. Baba mwenyewe hakuwepo, alikuwa kwa mdogo wake, arudi kesho yake na wazee. Nikateremka kwenda Majengo nikiwa naruka. Usiku ule mimi na Shaibu hatukulala kwa kujisifu.

Jumapili tukapanda kilima, mimi, Shaibu, na baba yangu mdogo ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Nimevaa koti la kuazima. Tulipokaribia nikawaambia wenzangu wasimame wasikilize pampu.

Tukasikiliza. Tukasikia mbuzi. Tukasikia upepo.

Uani wazee wamekaa kwenye mkeka na viti, kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi, katikati. Mpira wangu umening'inia juu ya pipa kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Baba Skola akainuka, akaingiza mkono ndani ya pipa, akautoa, akawaonyesha wenzake kiganja. Kikavu.

"Fundi," akasema taratibu, "naona ajabu lako leo limekwenda misa ya pili."

Wazee wakaangua kicheko. Baba yangu mdogo akaangalia viatu vyake. Mimi nikafungua mdomo, na maelezo yakaanza kutoka, kuhusu hewa, kuhusu kasi, kuhusu kitabu. Mzee akainua mkono.

"Usinieleze. Nionyeshe njia."

Nikageuka nikakimbia kuteremka, koti la watu linapepea. Nyuma yangu akaja Skola, nyuma yake Shaibu, nyuma yake Baba Skola na fimbo yake, na nyuma yake ukoo mzima, maana nani angebaki na ulanzi wakati aibu kama hii inateremka bondeni? Nikafika kwenye pampu. Bomba zima. Mtungi mzima. Kibwawa kimejaa. Na kwenye kile kilango kinachomwaga maji, kimefungwa kitambaa, kimezungushwa, kimekazwa kwa fundo la nguvu, na juu yake limewekwa jiwe.

"Adui!" akasema Shaibu. "Kuna mtu amekuroga kwa kitambaa!"

Baba Skola akainama, akakishika. Akakigeuza. "Hiki," akasema, "ni kipande cha kitenge cha mke wangu."

Tukageuka wote. Mama Skola alikuwa anateremka, mikono ina unga, amekwisha kuona tunachokiangalia. Alipofika hakukana hata kidogo.

"Ndiyo, mimi nimefunga," akasema. "Jana jioni nilikuja kukata mboga kwenye vinyungu, bustani zangu za hapa bondeni, nikakuta chuma hiki kinatema maji. Kinatema, kinatema, hakuna hata sufuria chini yake. Nikasimama nikaangalia, moyo ukaniuma. Mimi ndoo ikiyumba njiani yakamwagika ya kunawa mkono tu, nasikitika mpaka nifike nyumbani. Sasa haya yote? Nikasema pipa limejaa, ngoja nifunge kama watu wa mjini wanavyofunga bomba lao, wageni wakija fundi atafungua. Ya pipani nimepikia ugali na kuku, nimeoshea vyombo vya wageni, nimenyweshea mbuzi, yakaisha. Sikujua kama ndiyo nimeliua dude lenyewe."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimejiandaa kukasirika, mwanangu, nilikuwa na haki yote, lakini hasira haikuja. Ningemkasirikiaje mtu aliyeyapenda maji kiasi kile? Alikuwa amebeba mto ule kichwani kwa vipande vipande, ujana wake wote.

Nikamwambia, "Mama, haya yanayomwagika hayapotei. Yanarudi mtoni, yanakwenda kwenye vinyungu vyako. Ila yakianguka hapa ndiyo yanawasukuma wenzao kule juu. Ukiyazuia haya, na yale hayana wa kuyabeba."

Akafikiri. "Kwa hiyo haya ndiyo wabebaji?"

"Ndiyo wabebaji, mama."

"Basi ningejuaje! Mbona hukuniambia? Umemwambia kila mtu Songea, mimi hukuniambia!"

Wazee wakaguna kukubali. Nikafungua fundo, nikaondoa jiwe, nikasogea pembeni. "Bonyeza wewe, mama. Kilango hiki. Kisukume chini, kiache kipande."

Akajifuta unga kwenye khanga, akabonyeza. Tok. Kikanyamaza. Akabonyeza tena. Tok, tok. Kikanyamaza. "Linanikataa," akasema. "Halikukatai, lina usingizi," akasema Skola, "liamshe." Akabonyeza, akabonyeza, na mara mkono wake ukabaki hewani, kwa sababu chuma hakikumhitaji tena. Tok. Tok. Tok. Maji yakatemwa pembeni, safari hii akayaacha yamwagike.

Hapo ndipo mbio zilipoanza! Skola akatega sikio kwenye mpira, akapiga kelele, "Yanapita! Yanapita hapa!" na ukoo mzima ukaanza kupanda kilima kushindana na maji. Wazee wenye mabega yaliyoinama, shangazi wenye vitenge vya kanisani, Shaibu anaita "Yallah, yallah!", baba yangu mdogo amevua viatu. Sijawahi kuona watu wanaomba washindwe mbio. Tukafika uani tunahema kama mivukuto ya wahunzi, tukalizunguka pipa.

Mpira ukatikisika. Ukakohoa. Ukatema hewa, ukatema tena, kisha maji yakatoka, yakaanguka kwenye pipa tupu kwa sauti ambayo mpaka leo sijasikia kinanda kinachoipita.

Baba Skola akakinga kiganja. Akanywa. Akakinga tena, akamnywesha yule mzee aliyecheka kuliko wote. Vigelegele vikapigwa mpaka Matogoro ikajibu, na hapo, mwanangu, sijaongeza kitu, milima ile inajibu kweli. Mzee mmoja akaanza kucheza lizombe bila ngoma, anafuata mdundo wa pampu inayogonga bondeni.

Mama Skola akafika mwisho, anapanda taratibu kama alivyozoea. Kwa mara ya kwanza alikuwa amekipanda kilima kile kutoka mtoni akiwa mikono mitupu, na alionekana hajui aiweke wapi. Baba Skola akaenda jikoni, akatoa ile ndoo yake ya siku zote. Akaigeuza juu chini, akaiweka karibu na pipa, akaifuta kwa kiganja.

"Mama Skola," akasema, "kaa."

Akakaa juu yake. Akaangalia maji yakiingia pipani, machozi yanamtoka, naye hakuyafuta.

Posa yangu hata haikujadiliwa. Mshenga alipoanza hotuba aliyoiandaa, Baba Skola alimkatisha, akamwuliza binti yake. Skola akasema, "Mimi nilikubali tangu aliponyamaza akachimba." Nikapewa kiti.

Sasa mwanangu, sikiliza. Wewe siku hizi unayo maajabu mfukoni, unayapekua kwa kidole gumba. Jana umeniambia pweza ana mioyo mitatu, na kabla sijamaliza kushangaa umeshaenda kwa lingine. Nakuomba usipite haraka hivyo. Ajabu likikujia, liulize njia: nani aliliona, aliliona kwa namna gani, mimi nitalijaribu wapi? La uongo litaanza kubabaika. La kweli litakuchukua mkono likupeleke, kama ndege wa Shaibu. Na wewe ukiwa unalo la kuwaambia watu, wapelekee mpaka uani. Waonyeshe na sehemu isiyopendeza, ile inayomwagika, na uanze na yule anayebeba ndoo, maana usipomweleza yeye ataifunga pampu yako kwa upendo kabisa. Tena usiogope kuchekwa. Walionicheka mimi walikunywa maji yangu siku hiyo hiyo.

Pampu ile inagonga mpaka leo. Mipira ya tairi tumebadilisha mara nyingi, bomba tumelipaka rangi, na wazee wale wengi wamelala. Skola wangu akitaka kuninyamazisha nikizidisha maneno, ananiambia tu, "Nionyeshe njia." Panda Matogoro ukasikilize mwenyewe. Njia ndiyo hiyo, nimekuonyesha.

Na Mungu akujalie masikio ya kushangaa, miguu ya kwenda kuona, na mikono ya kukileta nyumbani ulichokiona. Siku moja, mtu aliyekubebea ndoo umgeuzie ndoo hiyo hiyo akae. Na maji yapande mpaka mlangoni kwako, mwanangu, yakigonga.